Ndege wa Moto anapochanika mwishoni: kisa cha upande wa pili wa santuri

Santuri inayohusika ni baleti kamili ya Igor Stravinsky, Ndege wa Moto, ambayo kwenye majalada huandikwa L'Oiseau de feu au The Firebird. Nakala ni ya kampuni ya Mercury, London Symphony Orchestra ikiongozwa na Antal Dorati, iliyorekodiwa Watford, Uingereza, mwaka 1959 kwa maikrofoni tatu tu. Ilinunuliwa ya mitumba, ikafika Mombasa kwa posta. Mashine ya santuri huzungushwa kwa mkanda wa mpira, na ina mkono wa milimita 231 kutoka kwenye egemeo hadi kwenye ncha ya sindano. Katriji, yaani kile kipande cha mbele ya mkono kinachobeba sindano, ni Audio-Technica VM95E, na amplifaya ina tundu lake la fono, la kuunganishia mashine ya santuri.

Lalamiko la mwenye santuri lilikuwa hivi. Upande wa kwanza hauna neno. Upande wa pili unaanza vizuri, ngoma ya Kashchei, mchawi mwovu wa baleti hii, inapiga kwa kishindo bila kuharibika, wimbo wa kubembeleza wenye basuni unapita salama. Zikibaki dakika tatu hivi, sauti inaanza kuota miba. Tarumbeta zinatoka na mkwaruzo, tromboni zinachanika, na spika ya kulia ni mbaya kuliko ya kushoto. Akahitimisha kwamba nakala imeliwa na sindano za waliotangulia kuimiliki, akawa anatafuta nyingine ya kuagiza.

Nakala ilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa kwenye mkono wa mashine, makosa matatu madogo ambayo athari zake zote zilikuwa zinaangukia dakika zilezile tatu, na juu yake uchafu kidogo. Lililobaki baada ya hapo halikuwa kosa, ulikuwa mpaka wa sindano yenyewe.

Kwa nini mwisho wa upande

Baleti hii ilichezwa kwa mara ya kwanza Opera ya Paris tarehe 25 Juni 1910 na kundi la Sergei Diaghilev, Ballets Russes, hatua za dansi zikiwa zimetungwa na Michel Fokine. Stravinsky alikuwa na miaka 28. Muziki unaanzia chini kabisa, selo na besi kubwa zikiwa zimezibwa sauti, ngoma kubwa ikinguruma kwa mbali. Unaishia kileleni. Honi moja inaleta wimbo mpole juu ya nyuzi zinazotetemeka, wimbo unapandishwa ngazi kwa ngazi, mapigo yanahama kutoka tatu kwenda saba, mpaka ala zote za shaba zinasimama pamoja. Kwa jumla ni dakika 45 hivi, kwa hiyo kila upande unabeba dakika ishirini na kitu.

Santuri inakwenda kinyume chake. Inazunguka mara 33⅓ kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni sekunde 1.8, ukiwa pembeni au karibu na lebo. Lakini mzunguko wa pembeni ni mrefu zaidi. Pembeni kabisa, milimita 146 kutoka katikati, mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 51 kwa sekunde. Kwenye nakala hii mfereji wa mwisho wenye muziki ulipimwa kwa rula, ukawa milimita 64 kutoka katikati. Hapo kasi ni sentimita 22 tu. Sauti ya kilohezi 10, ambayo ndiyo inayoipa tarumbeta ukali wake, pembeni inapewa mikromita 51 za plastiki kwa kila wimbi. Mwishoni inapewa 22.

Hivyo mtunzi ameweka kelele zake kubwa palepale ambapo santuri ina nafasi ndogo kuliko mahali pengine popote. Muziki wa dansi wa kawaida haupati shida hii sana, kwa sababu waandaaji huweka wimbo wa taratibu mwisho wa upande. Stravinsky hawezi kupangwa upya. Kampuni ya Kijerumani ya Tacet iliwahi kulitatua jambo hili kwa ujasiri: ilitoa Boléro ya Ravel, ambayo nayo ni baleti, ikiwa imechongwa kuanzia karibu na lebo kwenda nje, ili kilele kiangukie kwenye mfereji mrefu. Ni dawa safi, ila ndege huyu wa mwaka 1959 hakuchongwa hivyo.

Mwisho wa upande ndipo mashine inapopimwa. Kosa dogo la mkono ambalo pembeni halisikiki hata kidogo, milimita 64 kutoka katikati linasikika kwa kila mtu.

Kabla ya kugusa bisibisi

Majaribio mawili ya bure yalifanywa kwanza, nayo yaliokoa pesa za santuri ya pili.

La kwanza: waya za kushoto na kulia zinazotoka kwenye mashine ya santuri zilibadilishwa nyuma ya amplifaya (amplifaya ikiwa imezimwa). Mkwaruzo ukahamia spika ya kushoto. Kwa hiyo spika hazihusiki, na amplifaya haihusiki. Tatizo linatoka kwenye katriji, mkono au santuri.

La pili: zilipigwa dakika za mwisho za santuri nyingine tatu zisizo za zamani sana, mbili za okestra na moja ya sauti ya kike yenye piano. Zote zilichanika kidogo kuelekea lebo, na zote kulia zaidi. Santuri nne kutoka viwanda tofauti haziwezi kuwa zimeliwa namna moja. Hapa ndipo lawama ilipohama kutoka kwenye nakala kwenda kwenye mashine.

Kuna dalili ya tatu inayohitaji sikio tu. Uchafu hupasuka ovyo, tiki-tiki zisizo na mpangilio, na hausubiri sauti kubwa. Mchubuko unaokatiza mifereji hurudi kila baada ya sekunde 1.8. Mkwaruzo wa mkono uliokosewa, au wa mfereji ulioliwa, huja na nguvu ya muziki: honi ikiwa peke yake hakuna, shaba zikiingia upo, zikinyamaza umeondoka. Kisa hiki kilikuwa cha namna hii ya tatu, na kati ya mkono na mfereji, jaribio la santuri tatu lilikuwa limeshaelekeza kidole kwenye mkono.

Uchafu

Sindano ilitazamwa kwa lenzi. Ncha ilikuwa na kofia ya kijivu, mchanganyiko wa vumbi na mafuta ya vidole ulioganda. Pwani, hewa ikiwa na unyevu, kofia hii hujijenga upesi. Inaondolewa kwa brashi ndogo laini inayovutwa kutoka nyuma kuja mbele, yaani kutoka upande wa egemeo la mkono kuelekea kwa msikilizaji. Usiivute kwa ubavu wala kuisukuma kwenda nyuma, kwa sababu kijiti kinachobeba ncha hupinda.

Santuri ilioshwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke yaliyochanganywa na spiriti ya isopropili isiyozidi sehemu moja kwa tano, pamoja na tone moja la sabuni ya kuondolea madoa ya maji kwenye filamu za picha, kisha ikasuuzwa kwa maji yaleyale yasiyo na spiriti. Kitambaa kinafuata mfereji, hakikatizi. Lebo isiloweshwe. Mchanganyiko huu ni wa santuri za vinili tu. Zile nzito za zamani za mizunguko 78, ambazo nyumba nyingi za pwani bado zinazo za taarabu, zimetengenezwa kwa sheliki, na spiriti huiyeyusha.

Baada ya kuosha, tiki-tiki zilipungua sana. Mkwaruzo wa mwisho ulibaki kama ulivyokuwa, na hilo ndilo lililotarajiwa.

Uzito wa sindano

Pete yenye namba nyuma ya mkono ilionyesha 2.0, ambayo ndiyo gramu inayotakiwa kwa VM95E (kati ya 1.8 na 2.2). Mizani ndogo ya sindano ilipowekwa, ikasoma 1.6.

Chanzo kiligunduliwa kwa kuuliza jinsi mkono ulivyosawazishwa. Ulisawazishwa kofia ya kulinda sindano ikiwa bado imevaliwa. Mkono ukaelea vizuri, pete ikawekwa sifuri, ikazungushwa hadi 2.0, kisha kofia ikavuliwa na kuondoka na sehemu ya gramu mbele ya mkono. Ni kosa la kawaida mno, kwa sababu kuning'iniza sindano uchi huku unazungusha uzani kunatisha. Njia salama ni kuvua kofia, kushika kishikio cha kichwa cha mkono kwa kidole muda wote, na kuweka kipande cha kadibodi juu ya sahani ya mashine ili ncha ikidondoka idondokee hapo.

Mizani iwekwe ili ncha iguse kwenye kimo kilekile cha uso wa santuri. Ikiwekwa juu ya mkeka mnene pamoja na santuri, mkono unakuwa umeinuka na kipimo kinabadilika.

Wengi huogopa uzito mkubwa na kupunguza "ili kutunza santuri". Ukweli ni kinyume. Sindano nyepesi mno haitulii mferejini. Shaba zikipiga inaruka kutoka ukuta mmoja, inatua vibaya na kuuchubua. Gramu 1.6 kwenye katriji inayotaka 2.0 ingemaliza nakala hii miaka mingi kabla ya gramu 2.2.

Baada ya kuweka 2.0 halisi, tromboni ziliacha kuchanika. Tarumbeta bado, na bado kulia.

Antiskeiti

Kwa nini kulia? Mkono uliopinda unapoburutwa na msuguano wa mfereji huvutwa kuelekea katikati ya santuri. Sindano inaegemea ukuta wa ndani, ambao ndio unaobeba chaneli ya kushoto, na kuulegezea ukuta wa nje, ambao ni wa kulia. Kirungu cha antiskeiti kipo ili kuvuta mkono nje kwa kiasi kilekile. Kwenye mashine hii kilikuwa sifuri, kwa sababu huwekwa sifuri wakati wa kusawazisha na hakuna aliyekumbuka kukirudisha.

Kikawekwa 2, sawa na uzito. Spika mbili zikakaribiana. Halafu kikashushwa hadi 1.7, kwa kusikiliza dakika hizohizo tatu kwa hedifoni: ukizidisha, mkwaruzo unahamia kushoto. Hatupendekezi ile njia ya kutumia santuri tupu isiyo na mifereji na kutazama mkono unakwenda wapi. Juu ya uso laini msuguano si ule wa mfereji wenye muziki, na utaweka kiasi cha hali ambayo haipo.

Pembe, ambayo ndiyo ilikuwa kiini

Mashine inayochonga santuri hubeba kisu kwenye reli iliyonyooka. Mkono wa nyumbani unazunguka kwenye egemeo, kwa hiyo katriji haiwezi kutazama sawasawa na mfereji muda wote. Kichwa cha mkono kinapindwa kwa pembe maalumu na ncha ya sindano inawekwa ipite kijiti cha katikati ya sahani kwa milimita kadhaa, ili kosa liwe sifuri mahali pawili tu na liwe dogo kwingine kote. Mpangilio unaotumika zaidi, uitwao Baerwald, unaweka sifuri hizo kwenye milimita 66.0 na 120.9 kutoka katikati.

Kwa mkono wa milimita 231, mpangilio huo unataka ncha ipite kijiti kwa milimita 18. Hapa ilipita kwa 15. Milimita tatu, na katriji ilionekana kwa macho imekaa vizuri kabisa kwenye kichwa.

Ukifanya hesabu unaona kwa nini udanganyifu ulikuwa mkubwa. Katriji iliyokosewa hivi, pembeni kabisa mwa santuri, ina kosa la digrii 0.9. Iliyowekwa sawa ingekuwa na kosa la digrii 1.9 palepale. Yaani upande ulianza vizuri kuliko ambavyo ungeanza mashine ikiwa sahihi! Lakini kadiri mkono unavyoingia ndani, kosa linageuka upande na kukua, hadi kwenye milimita 64 linafika digrii 2.3, mahali ambapo mpangilio sahihi ungekuwa na robo ya digrii tu. Na mkwaruzo unaoletwa na pembe haufuati digrii peke yake. Unafuata digrii ikigawanywa kwa umbali kutoka katikati, kwa sababu ya ile kasi inayopungua. Ukigawanya hivyo, mwisho wa upande huu ulikuwa mbaya karibu mara sita kuliko mwanzo wake. Msikilizaji anayesikia mwanzo safi na mwisho mbovu atasema nini, kama si kwamba santuri imeisha mwishoni?

Marekebisho yalikwenda hivi. Kipimo cha karatasi chenye alama mbili kilichapishwa, na kabla ya kukiamini kikapimwa kwa rula, kwa kuwa printa nyingi hupunguza ukubwa ili ukurasa uingie. Mstari ulioandikwa milimita 100 uwe 100. Ukiwa 97 karatasi yote ni ya kutupa. Tundu la katikati likatobolewa libane kijiti, lisicheze. Skrubu mbili zinazoshika katriji zikalegezwa kiasi cha kuiwezesha kusogea kwa shida. Kofia ya sindano ilivaliwa kila skrubu zilipoguswa, ikavuliwa kila ncha iliposhushwa kwenye alama.

Ncha inashushwa kwanza kwenye alama ya 66. Mwili wa katriji utazame mistari ya gridi. Hapa ulipinda. Katriji ikasogezwa mbele, ikajaribiwa tena, kisha kwenye alama ya 120.9. Ikiwa imenyooka kwenye moja na kupinda kwenye nyingine, tatizo ni umbali. Ikiwa imepinda kwa kiasi kilekile kote kuwili, tatizo ni kuizungusha kidogo ndani ya kichwa. Huenda na kurudi mara kadhaa, na kila ukikaza skrubu moja katriji hujigeuza, kwa hiyo zinakazwa kwa zamu, robo kwa robo. Baada ya katriji kusogea mbele, uzito wa mbele umeongezeka. Mkono ulisawazishwa upya, safari hii bila kofia, na mizani ikawekwa tena. Wanaoruka hatua hii huishia na uzito uliozidi na kushangaa.

Kuna mpangilio mwingine, Stevenson, unaoweka sifuri ya ndani kwenye milimita 60.3, na mashabiki wa muziki wa okestra huusifu kwa sababu ya vilele vya mwisho. Kwa nakala hii haukuhitajika. Muziki unaishia milimita 64, ambapo Baerwald tayari ana robo ya digrii, ilhali Stevenson angepandisha kosa la pembeni hadi digrii 2.3 hivi. Pima kwanza santuri zako zinaishia wapi. Ukikuta nyingi zinaingia hadi chini ya milimita 62, Stevenson ana hoja. Vinginevyo unalipia faida usiyoitumia.

Hatua hii ndiyo iliyobadilisha sauti kuliko zote. Wimbo wa mwisho ulipopigwa, tarumbeta zilitoka zikiwa tarumbeta, na kwa mara ya kwanza zilisikika zikiwa kadhaa badala ya ukuta mmoja wa kelele.

Kilichobaki

Katika mapigo ya mwisho kabisa, matoazi yalipoungana na shaba, palikuwa bado na ukali kidogo. Hapo mkono hauna tena lawama. Ncha ya VM95E ni ya duaradufu, ubavu wake ukiwa na mviringo wa mikromita 7.6 hivi. Kwenye milimita 64, sauti ya kilohezi 12 ina wimbi la mikromita 18.6, na nusu yake, yaani bonde moja, ni 9.3. Ncha haitoshei vizuri kwenye mabonde yaliyobanana hivyo, inayapita juujuu.

Katriji za jamii hii zina faida kwamba sindano hubadilishwa bila kugusa mwili. Ya zamani inachomolewa, mpya inachomekwa, na mpangilio wote uliofanywa unabaki, ingawa mizani ni vizuri ipitishwe tena. Ilichomekwa VM95ML, ambayo ubavu wake una mikromita 3, uzito uleule wa gramu 2.0. Ukali ukaondoka karibu wote. Ncha nyembamba kama hii pia hugusa kuta za mfereji kwa mstari mrefu zaidi, na mara nyingine hupata sehemu ambayo sindano za wamiliki waliotangulia hazikuifikia.

Kuna watu wanaoanza na hatua hii. Wananunua sindano ya bei, wanaichomeka kwenye mkono uliokosewa milimita tatu, kisha wanasema hakuna tofauti. Tena ncha nyembamba huwa kali zaidi kwa pembe mbaya kuliko ya kawaida. Ingekuwa imechomekwa kabla ya karatasi ya vipimo, huenda ingeonekana imezidisha ubaya.

Kama bajeti ni ya kitu kimoja, iwe mizani. Karatasi ya kupangia pembe ni bei ya ukurasa mmoja wa printa. Sindano inakuja mwisho. Anayetaka kununua nakala nyingine ya baleti hii atazame kwanza eneo tupu kati ya muziki na lebo, likiwa pana ni dalili njema, au atafute toleo la mizunguko 45 kwa dakika kwenye diski mbili, ambapo kasi ya mfereji ni kubwa zaidi kwa asilimia 35 popote ilipo sindano. Utainuka kugeuza mara nyingi zaidi, basi.

Mwanzo ulio kimya

Mwisho uliponyooka, mwenye santuri akaanza kusikia mwanzo. Chini ya selo na besi palikuwa na mlio wa chini usiokatika. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na mlio wake wa hezi 50 na 100 unakaa palepale besi kubwa zinapopiga, kwa hiyo muziki wa dansi unauficha lakini utangulizi huu unauanika.

Mlio ulipungua alipogusa mkono wa mashine kwa kidole. Hiyo ni dalili ya waya wa ardhi. Waya mwembamba wenye uma mdogo uliotakiwa kufungwa kwenye skrubu yenye alama ya GND nyuma ya amplifaya ulikuwa umefungwa, ila uma ulikuwa na kutu ya kijani. Ulikwanguliwa kwa msasa laini na kukazwa upya. Kilichobaki cha mlio kiliisha mashine iliposogezwa kutoka juu ya amplifaya, ambayo transfoma yake ilikuwa moja kwa moja chini ya katriji, hadi kwenye rafu ya ukutani umbali wa mita moja.

Rafu hiyo ilimaliza jambo jingine ambalo hakuna aliyelalamikia. Mashine na spika zikiwa kwenye kabati moja, ngoma kubwa hurudi kwenye sindano kupitia mbao. Kulijua ni rahisi: sahani ikiwa imesimama, shusha sindano juu ya santuri, pandisha sauti polepole, gonga kabati kwa kifundo cha kidole. Ukisikia kugonga huko kwenye spika kukivuma na kuendelea, ngoma ya Kashchei nayo inavuma hivyo.

Mwendo wa mashine ulipimwa mwisho kwa diski ya mistari, ambayo chini ya taa ya umeme mistari yake huonekana imetulia mwendo ukiwa sahihi. Kwenye umeme wa hezi 50 diski ya 33⅓ inataka mistari 180. Zilizochapishwa kwa ajili ya Marekani zina 216 na hazitatulia hapa hata mashine ikiwa sahihi. Taa iwe ya kale ya waya au ya mirija, kwani LED nyingi hazipepesi na mistari haionekani. Mashine hii ilikuwa sawa. Zile zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani zenye mota ya umeme wa ukutani moja kwa moja ndizo za kuangaliwa: puli ya hezi 60 kwenye hezi 50 huzungusha santuri mara 27.8 tu kwa dakika, na baleti nzima hushuka kwa takriban nusu-toni tatu. Transfoma ya kushusha volti haiponyi hilo. Inatakiwa puli ya hezi 50.

Kwa matunzo, mtengenezaji wa sindano hizi hutaja takriban saa 300 kwa ile ya duaradufu na saa 1,000 kwa ML. Mizani irudiwe kila baada ya miezi michache, na pia kila mashine inapohamishwa. Kwenye nakala hii kumebaki mchubuko mmoja katikati ya upande wa pili, tiki tano hivi zinazorudi kila sekunde 1.8 kisha zinaisha. Huo umo kwenye plastiki na umeachwa.